Hesabu ya Vumbi

Mjini kwetu, Dundee, wanawake ndio waliokwenda kiwandani;
wanaume walibaki na birika.
Baba alikuwa mmoja wao wala hakuona haya.
Alijifunga aproni, akakanda mkate wa shayiri,
akatusuka nywele, mimi na Grizel,
upogoupogo, kama kamba za marobota.
"Wattie, mkeo yuko wapi?" majirani walimchokoza.
"Anahesabu vumbi."

Ndivyo. Mama alihesabu vumbi.
Alipanda ngazi za kiwanda cha juti na chupa kumi na mbili mkobani,
akazizibua moja moja kando ya mitambo,
akatazama saa, akaziziba,
kama mtu anayekusanya siri za mwenye nyumba.
Usiku hadubini ilikaa juu ya meza yetu ya kulia,
kati ya sufuria ya viazi na daftari langu la imla,
naye, jicho moja amelifumba, bila kuinua kichwa:
"Grizel, tafuna umefumba mdomo."
Hadi leo sijui alituona kwa jicho lipi.

Chuo kilimpa ufunguo, mwanamke wa kwanza kuupata:
ufunguo wa mlango wa nyuma, penye majivu.
Barua zilimjia zimeandikwa "Bwana Lindores."
Baba alizifungua kwa madaha, akadai ni zake,
akajibu kwamba utafiti wa birika unaendelea vizuri.

Sitasema alikuwa mama mwepesi.
Siku niliyoghani shuleni, kiti chake kilikaliwa na koti la baba.
Nilipougua surua alikesha nami siku tatu,
kiganja chake kifuani pangu,
nami nikajiambia: basi, leo ni wangu.

Kisha akaja Bwana Auchterlonie, mwenye kiwanda,
na kikapu cha machungwa na karatasi moja:
maabara mpya, madirisha ya kusini, jina la mama juu ya mlango;
tarakimu tu zingoje kidogo, hadi biashara itulie.
Mama alimenya chungwa, akatugawia vipande.
"Machungwa tutakula, watoto hawajui rushwa.
Karatasi ondoka nayo."
Jikoni birika lilifoka, baba asilitazame.

Wiki haikuisha wakaja kuchukua ufunguo.
Majira yale ya baridi tulikula kabichi, na kesho yake kabichi,
nami nilimchukia kwa ajili ya viatu:
soli imetoboka, ndani gazeti limekunjwa,
gazeti lilelile lililokataa kuchapa hesabu zake.

Ndipo akaenda langoni, akapanda juu ya sanduku la sabuni.
Hakuwa na sauti ya hadhara.
Hakulaani mtu, neno haki hakulitaja.
Alisoma namba.
Chumba cha kuchambulia nyuzi. Ghorofa ya pili. Ghorofa ya tatu,
kando ya dirisha lisilofunguka.
Upepo wa mto Tay ulimpokonya maneno kinywani;
mimi niliyeshika mkoba wake sikuambulia kitu.
Lakini wale wafumaji, viziwi wa mitambo,
walikuwa na miaka ishirini ya kusoma midomo.
Walitulia tuli.
Mmoja akageuka, akazirudia namba kwa vidole kwa walio nyuma,
na wao kwa walio nyuma yao,
hadi kule barabarani, kimya kimya.

Daftari lake ninalo mimi; Grizel hakulitaka.
Safu ya majina, safu ya umri, safu ya pumzi kwa dakika:
Bi. Mudie, arobaini na moja, ishirini na nane.
Teenie Coutts, kumi na tisa, thelathini.
Na katikati yao, bila hata mstari wa kututenga:
Elspet, sita, surua, arobaini na nne.
Kumbe kile kiganja kilikuwa kikihesabu.
Nililifunga daftari, nikalitupa chini ya kitanda,
mtu mzima mimi, nina wajukuu.

Jana nimelitoa tena.
Pembeni mwa ukurasa ule, kwa penseli,
kwa mwandiko wa baba uliolala upande:
"Phemie, chai imepoa. Nimebandika nyingine."